Hatua za Prak Chhon

Prak Chhon aliuawa mara mbili. Mara ya kwanza aliuawa na watu wenye bunduki, mwaka 1976. Mara ya pili aliuawa na mtu mwenye kalamu, aliyeandika katika kijitabu chenye jalada la kung'aa kwamba mwendo wa kuzunguka, ule wanaoutumia wapiganaji wa lbokator, sanaa ya kale ya mapigano ya Kamboja, katika mkoa wa Kampong Chhnang, haukuzaliwa hapo. Uliletwa na bondia mzururaji kutoka ng'ambo ya mpaka wa magharibi, akawafundisha wanakijiji kwa malipo ya mpunga. Mwandishi huyo hakuwahi kukanyaga kijijini. Aliuliza mjini kama kuna mwenye ushahidi wa kinyume, hakuna aliyejitokeza, naye akauhesabu ukimya kuwa jibu. Hakujishughulisha kuuliza watu hao walifundishwa kunyamaza na nani, wala kwa adhabu gani.

Kijitabu kilienea. Vijana wa ng'ambo walikishangilia kwenye simu zao, vijana wa upande huu wakawarudishia matusi, na pande zote mbili zikagombania hatua za mtu ambaye hawakulijua hata jina lake. Aliyelijua alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, mfinyanzi, ambaye kitambulisho chake kilimwita Tep Nim.

Jumatatu moja asubuhi, Februari 2019, Nim alikuwa chini ya nyumba yake iliyoinuliwa kwa nguzo, akizunguka chungu. Wafinyanzi wa kijiji hicho hawana gurudumu. Udongo hukaa juu ya kigogo, na mwanamke ndiye azungukaye, mkono wa kushoto ukiwa na jiwe laini ndani ya chungu, wa kulia ukipiga kwa kibao nje. Wenzake walizunguka kama watu wanaotembea. Nim alizunguka kinyumenyume, magoti yamelegea, kisigino cha nyuma kikitangulia kuigusa ardhi kabla hajakiegemezea uzito, na kila robo ya mzunguko nyonga yake iligeuka ghafla, kama mtu aliyepisha kitu kipite.

Mwenyekiti wa kijiji, Tep Sokhon, alifika na mgeni. Sokhon alikuwa mdogo wa Nim kwa miaka saba, na kijiji kizima kiliwajua kama dada na kaka. Mgeni alikuwa binti wa mjini, Dalin, mwenye kamera begani na bahasha ya karatasi kwapani.

"Dada, huyu anatafuta wazee wa lbokator," Sokhon alisema. "Nimemwambia hapa atapata wazee wa vyungu tu. Kupigana kwao ni sokoni, wakigombea mteja."

Dalin alicheka kwa adabu. Alieleza kwamba faili la sanaa hiyo lilikuwa likiandaliwa lipelekwe kwenye baraza la mataifa, na kwamba kila mkoa ulitakiwa kuthibitisha kwa mashahidi walio hai nani alimfundisha nani. Kwa Kampong Chhnang hapakuwa na shahidi hata mmoja. Orodha ingefungwa Ijumaa, na pasipo shahidi maneno ya kijitabu ndiyo yangebaki. Alikuwa akiyasema hayo huku macho yake yakishuka taratibu kutoka uso wa Nim hadi miguuni.

"Mama," alisema, "nani alikufundisha kuzunguka hivyo?"

Kibao kilikosa chungu kikapiga kigogo. Nim alijibu kwamba ni mama yake, na kwamba wote huzunguka hivyo. Mwanamke wa jirani, aliyekuwa akianika vyungu, alidakia kwamba si kweli, yeye angejaribu vile angevunja kiuno. Dalin hakubishana na yeyote. Alitoa karatasi moja katika bahasha, akaiweka juu ya jamvi kwa mikono miwili, akasema atarudi Ijumaa, ukumbini kwenye pagoda, hekalu la kijiji.

Nim hakuigusa hadi walipoondoka. Juu kabisa palikuwa pameandikwa: Historia ya Maisha. Chini yake: jina kamili, jina la baba, kazi ya baba, jina la mwalimu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nim aliisoma mistari hiyo minne. Karatasi ile aliijua. Mwaka ule wa 1976 iliitwa jina hilo hilo, iliuliza maswali hayo hayo, na aliyeileta naye alikuwa kijana mwenye adabu.

Baba yake, Prak Chhon, alikuwa mwalimu wa lbokator, aliyefundishwa na baba yake, naye baba yake na babu. Alifundisha nyuma ya tanuri, wanaume tu, wakubwa kwa vijana, na watu walipocheka kwamba binti yake naye anataka kujifunza, alimfundisha Nim mbele ya macho yao bila wao kuona: alimweka mbele ya kigogo cha kufinyangia akamwambia azunguke. Chungu ndiye adui, alimwambia, usikipe mgongo. Kisha wakaja wenye bunduki, waliotwaa nchi na kuwahesabu walimu kuwa maadui, na kila mtu akaamriwa kuandika historia ya maisha yake. Mwanafunzi mmoja wa Prak, kijana mnyoofu asiyejua uongo, aliandika ukweli: mimi hufunzwa mapigano na Mwalimu Prak Chhon. Siku ya tatu mwalimu aliambiwa anapelekwa kusoma. Ndivyo walivyokuwa wakisema. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko kusoma.

Mfinyanzi wa jirani, mzee Tep Oan, alimvuta Nim nyumbani kwake jioni ile ile akamwambia kuanzia leo wewe ni Tep, binti yangu, baba yako mfinyanzi maskini, hakusoma, hakumiliki ng'ombe. Alimkaririsha mpaka akalala akiyasema, na majirani waliojua hawakuthubutu kutamka. Katika miaka ile Nim aliandikishwa historia ya maisha yake mara tano, na mara zote tano maneno yalifanana, kwa sababu aliyetofautiana na nafsi yake kwa neno moja alipelekwa kusoma. Wenye bunduki walianguka mwaka 1979. Jina halikuanguka. Liliingia kwenye cheti cha ndoa, kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yake, na kwenye hati ya kiwanja cha nyumba na tanuri, ambacho mzee Tep Oan alimgawia kama mwanawe.

Alhamisi, binti yake Kunthea, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi kutoka kazini akakuta uji wa asubuhi haujaguswa na mama yake amekaa mbele ya karatasi iliyojaa maandishi. Aliichukua akaisoma. Alipofika katikati alirudi mwanzo.

"Mama, nani kakuandikia hii?"

"Nimeandika mwenyewe."

"'Baba yangu, mfinyanzi maskini wa tabaka la chini, hakumiliki ng'ombe wala jembe, hakuwa na elimu wala mawazo ya kibwanyenye.' Nani anaongea hivi? Nani leo anaulizwa kuhusu ng'ombe?"

Nim aliitazama karatasi kana kwamba ameikuta imeandikwa. Alikuwa amekaa akinuia kuandika jina la Prak Chhon. Mkono ukaandika yale aliyokaririshwa, kwa mara ya sita, neno kwa neno. Hapo ndipo Kunthea, akiwa na umri wa miaka thelathini, alipoambiwa babu yake alikuwa nani.

Kunthea alilia kwanza, kisha akakasirika. Alisema zama zile zimekwisha, hakuna wa kumpeleka mtu kokote kwa jina la baba yake. Nim alimjibu taratibu kwamba ndivyo walivyosema pia wakati ule: andikeni kweli, zama za zamani zimekwisha. Akamhesabia: kitambulisho ni cha uongo, ndoa ni ya uongo, kiwanja ni cha Tep na yeye si Tep. Sokhon ndiye mtoto wa damu wa mzee Oan, tena ndiye mwenyekiti anayegonga muhuri. Akitaka kuwatoa, neno moja tu linatosha. Na Sokhon alikuwa na umri wa miaka saba siku ile. Yumkini hakumbuki, yumkini anaamini kabisa kwamba ni dada yake.

"Na ukinyamaza?" Kunthea aliuliza.

"Tutaishi."

"Na babu?"

Usiku ule kila pikipiki iliyopita barabarani ilipita kwanza kifuani mwake.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wafinyanzi walikuja na kazi zao mapajani, wazee walikuja kwa udadisi, na Sokhon alikaa meza ya mbele na kidau cha wino mwekundu, tayari kushuhudia alama za vidole. Alimtania Nim alipoketi kwamba kidole cha mfinyanzi kimesuguliwa na udongo hadi hakina mistari, kitaacha doa tu. Watu walicheka. Nim alijaribu kucheka, midomo ikakataa.

Dalin hakumuuliza chochote kwanza. Alimwomba tu azunguke, mbele ya kamera, kama alivyozunguka Jumatatu. Jambo hilo lilionekana dogo kwa wote isipokuwa kwa Nim. Hatua za lbokator hazionyeshwi kabla mchezaji hajapiga magoti, akaunganisha viganja na kumtaja mwalimu wake kwa jina. Akizunguka kimya, atakuwa anazunguka chungu. Akitaja, atakuwa amesema. Miaka arobaini na mitatu alikuwa amejificha katika tofauti hiyo.

Alisimama. Kwa nafasi ya pumzi mbili alidhani atazirai, akatamani azirai. Kisha akapiga magoti, akaunganisha viganja.

"Mwalimu wangu ni Prak Chhon," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo, ya binti wa miaka kumi na minne. "Ndiye baba yangu mzazi. Alifundishwa na baba yake, hapa hapa, nyuma ya tanuri. Hakuna aliyemletea kutoka ng'ambo."

Wazee wawili waliinamisha vichwa. Mwanamke aliyekuwa akisugua chungu aliacha kusugua. Sokhon aliinuka, akaizunguka meza, akaja akasimama mbele yake, na Nim akaona viatu vyake tu, kwa kuwa hakuthubutu kuinua macho.

"Dada," Sokhon alisema. "Baba aliniambia mzee Prak hakumruhusu mtu acheze bila kujifunga kiuno."

Alivua skafu yake ya mirabamiraba kutoka shingoni, akampa.

"Ulijua?" Nim aliuliza.

"Niliambiwa nikitamka, sote tutapelekwa kusoma. Sijawahi kuambiwa kwamba sasa naruhusiwa."

Nim alijifunga, akazunguka. Alizunguka pasipo na chungu, kinyumenyume, na nyonga ilipogeuka mzee mmoja nyuma alitoa mguno wa mtu aliyekutana na anayemjua. Karatasi mpya ikaandikwa jina la Prak Chhon, Nim akabonyeza kidole, na Sokhon akatia sahihi kama shahidi, akaandika mwenyewe, katika nafasi ya uhusiano, neno "kaka".

Hofu haikumwacha kwa sababu ya hayo. Kwa majuma mengi Nim aliweka kitita cha nguo na kilo mbili za mchele karibu na ngazi, na mara mbili alimpigia simu Dalin akimsihi airudishe ile karatasi, halafu akakata kabla hajajibiwa. Mwandishi wa kijitabu hakuomba radhi, na kijitabu chake bado kinauzwa. Lakini karatasi haikurudishwa.

Tarehe 29 Novemba 2022, mjini Rabat, lbokator iliorodheshwa kuwa urithi wa wanadamu kwa jina la Kamboja. Juma lililofuata Nim alikwenda ofisi ya kata, Sokhon akiwa ndiye shahidi, na tarehe 14 Machi 2023 alikabidhiwa kitambulisho kipya: Prak Nim, binti wa Prak Chhon.