Siku Tuliyochambua Simu

Simu yangu ilijaa mpaka ikagoma. Ukitaka kupiga picha inakwambia nafasi hakuna. Ukipokea ujumbe inazunguka weee, halafu inajizima yenyewe. Simu za kupangusa zilikuwa zimeshazoeleka kwetu Endasak, na mimi niliyekua enzi za kudandia lori kwenda Katesh ili tu kupiga simu, nilikuwa sifuti kitu. Maua ya kunitakia asubuhi njema, kwaya za usharika mzima, makundi ya michango ya harusi ambazo wenyewe walishaachana. Takataka tupu, ila zangu.

Jumamosi moja nikaenda kwa mama, nikajitupa barazani, nikatangaza kwamba leo nafuta kila kitu. Mama alikuwa na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Hakuinua hata macho.

"Unafuta bila kuangalia?"

"Mama, ni uchafu tu."

"Hata haya yana uchafu. Umeniona nikiyamwaga?"

Nilikasirika kidogo. Mimi ni mtu wa haraka, na mama anajua sana kunichelewesha. Lakini nilijua anachokitafuta. Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha tangu tumzike baba. Siku moja tukipalilia aliniambia kwamba uso wa baba bado anao, picha ziko ukutani, ila sauti inampotea. "Naitafuta, siipati," alisema, na aliendelea kupalilia. Nilimwambia kwenye simu yangu hakuna, baba hakuwa mtu wa kurekodiwa. Hakunisadiki. Kwa mama, simu ambayo mtu ameishika na kuongea nayo lazima imebaki na kitu chake.

Basi tukachambua. Mimi nafungua, yeye anaamua, mikono yake ikiendelea na maharage. Kwaya ya kwanza: "Hao wanapiga kelele, toa." Maua: "Ya nini, na bustani ipo? Toa." Kwenye mahubiri alisita kidogo, kisha akasema mchungaji atarudia tu Jumapili. Nilicheka mpaka hasira ikaniisha.

Ikaja sauti moja ndefu isiyo na jina. Upepo, kengele za ng'ombe, kwato juu ya mawe. Nikajua simu ilijibonyeza mfukoni mwa mtu, ikarekodi safari. Kidole kikawa kimeshafika kwenye kufuta.

"Acha!"

Mama alikuwa amenidaka mkono. Maharage yote chini.

"Kengele ya kwetu hiyo," akasema.

Mimi nilikwenda bweni mapema, kengele zote kwangu ni kengele. Lakini kila boma lina ya kwake, na mama amekuwa akiamka na hiyo tangu alipoolewa. Ukasikika mluzi, halafu mwanamke anapita njiani akisema shikamoo mzee, na baba akajibu, "Marahaba, mwanangu." Jamani! Nilikumbuka hapo hapo: siku ile aliazima simu yangu aongee na kaka aliyeko Babati, akaitia kwenye koti na kushuka nayo mtoni kunywesha mifugo.

"Njoo, mama," baba alisema. "Njoo, mama, taratibu, mawe hayo."

"Mimi hajawahi kuniita hivyo," mama akasema, machozi yanamtoka huku anacheka. "Ni ng'ombe huyo, anamwita ng'ombe."

Na ng'ombe mwenyewe alikuwepo. Yule mweusi, mkongwe, asiyepelekwa tena machungani, alikuwa amelala nyuma ya uzio. Aliinuka. Akalia mara moja, akaja mpaka kwenye miti ya uzio upande wetu, masikio mbele. Alitutazama sisi, kisha akatazama nyuma yetu, kwenye njia ya mtoni.

"Zima!" mama akasema. "Zima, unamdanganya!"

Nikazima. Mama akaenda pale uzioni, akamwekea yule ng'ombe mkono kwenye paji la uso.

"Hayupo," akamwambia. "Amekufa. Rudi ukalale, amekufa."

Mwaka mzima sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake. Kwa wageni alisema baba amepumzika, kwa majirani alisema ametangulia, na kikombe chake cha chai alikuwa bado anakiosha kila asubuhi. Nililia pale barazani kama mtoto, wala sikujificha.

Mama alisimama pale mpaka ng'ombe akageuka. Akarudi, tukaokota maharage wote wawili, na mchanga wake.

"Hizo zingine futa," alisema. "Hata hizo za harusi."

Nikafuta. Simu ikawa nyepesi, ikabaki na picha chache na ile sauti moja. Mama akabeba ungo, akaingia ndani, akaniita nimfuate. Alifunga mlango. Akafunga na dirisha la upande wa uzio wa ng'ombe, akalijaribu kwa mkono kuona kama limebana, kisha akakaa kitandani.

"Haya," akasema. "Mimi nidanganye."