Kumi Iliyosomwa Kumi na Tano

Miaka ya tisini, kila Alhamisi baada ya alasiri, mimi nilikuwa mtu mkubwa pale Ibra, Oman. Kazi yangu ya serikali haikunipa ukubwa wowote; niliupata kwenye meza ya mbao iliyoazimwa skuli, pembeni mwa uwanja wa vumbi ambapo vijana walicheza mpira wa magongo. Mimi ndiye niliyeandika karatasi ya mchezo: nani kacheza, nani katia goli, dakika ya ngapi, nani kapewa kadi. Juu yake niliweka jiwe, maana upepo wa pale hauna adabu. Mtu akisogea kuchungulia nilimfukuza kama kuku. Kabla ya mchezo gari la maji lilipita kunyunyiza uwanja, na harufu ile ya vumbi lililorowa, pamoja na kahawa ya mapumziko, naitamani mpaka leo.

Kazi hiyo nilipewa na mwalimu wa timu, mzee aliyecheza magongo Unguja ujana wake, kwa sababu ya mwandiko wangu. Herufi za Kiarabu nilizisoma chuo cha Kurani, kwa hiyo majina hayakunishinda. Tarakimu ndizo zilizonisumbua. Nilisoma Unguja, na sifuri yangu ni duara. Oman sifuri ni nukta, na duara ni tano. Nilijifunza, nikazoea, lakini mkono ukiwa na haraka hurudi kwao.

Nusu fainali tulicheza na vijana wa Sur. Zikiwa zimebaki dakika chache, refa alimtoa kwa kadi nyekundu nambari kumi wetu, mfungaji hodari na mgomvi kupita kiasi. Kadi nyekundu maana yake unakosa mchezo unaofuata. Watu wa Sur walikuwa wananipigia kelele sikioni, na kwenye sehemu ya kadi haliandikwi jina, nambari tu. Nikaandika 10, kwa sifuri ya Unguja, karatasi ikapelekwa Nizwa kwenye kamati ya mashindano.

Siku ya tatu ikaja barua kwa faksi: nambari kumi na tano haruhusiwi kucheza fainali. Kumi na tano alikuwa mtoto wa dada yangu. Beki, mpole, hajawahi kupewa hata onyo. Fainali ingekuwa mchezo wake wa mwisho, maana mwaka uliofuata umri ungemzidi, na mama yangu, yaani bibi yake, ambaye hakuwahi kumwona akicheza, alikwisha kuahidi kuja Nizwa.

Nilimpelekea mwalimu barua, nikamwambia kosa ni langu na nitapiga simu kamati. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Weye una wazimu? Nambari kumi Mungu keshatuachia, weye unataka kumrejesha! Nyamaza, khalas."

Nikaenda nyumbani kwa dada. Mpwa wangu alikuwa amekaa barazani akizungusha utepe mpya kwenye mpini wa gongo lake. Nikamweleza yote.

"Mjomba, ukiwaambia, nambari kumi hachezi?"

"Hachezi."

"Na bila yeye tunashindwa."

Aliendelea kuzungusha utepe mpaka ukaisha.

"Basi khalas, usiwaambie."

Ilinipasa nikatae. Mtu mzima mimi, na kosa langu. Badala yake nilijiona nimetuliwa mzigo, na kila nikiukumbuka ule wepesi naona haya.

Nizwa tulishinda mawili kwa moja, yote mawili ya nambari kumi. Mama alitazama kutoka ndani ya gari, kioo kimeshushwa. Medali zilipotolewa, waliitwa walioandikwa kwenye karatasi yangu ya siku ile, na mpwa wangu hakuwamo. Alisimama pembeni akipiga makofi kuwashinda wote.

Mama akamwita garini.

"Mbona hukucheza, mwanangu, wala hukuitwa?"

Nikafungua mdomo. Yeye akaniwahi.

"Mguu, bibi. Unauma."

"Upi?"

Alifikiri kidogo, akaonyesha wa kushoto.

Tuliporudi Ibra, mama alimlaza mkekani akaanza kuukanda mguu ule usio na lolote kwa mafuta ya nyonyo, akimsomea na kumpulizia, akimpa pole kila akipitisha mkono. Mtoto alikunja uso kidogo pale alipoona inafaa. Siku tatu mfululizo mama alimkanda. Siku ya pili mafuta yalipungua, akanituma mimi dukani kununua chupa nyingine, nami nikaenda.