Tulikatazwa Kumlilia Kaka Hadi Kadi Ikauke

Kaka yangu alikufa Jumatatu asubuhi. Kumlilia tuliruhusiwa Ijumaa.

Usirudie kusoma. Umesoma vizuri.

Naitwa Ayikoru, nasuka nywele hapa Koboko, kaskazini mwa Uganda. Kaka yangu Onzima aliishi Ubelgiji miaka kumi na miwili na mkewe Nadine, Mkongo wa Aru. Madaktari wa huko walipomwambia ini limekwisha, akasema anataka kufia nyumbani. Akaja kwangu. Nadine akabaki kazini, maana mmoja wao alilazimika kuingiza hela.

Onzima alikuja na kadi ya benki ya huko, na kwa mambo ya kadi alikuwa bahili wa kisomi. Kila wiki nilimshika mkono hadi kwenye ATM huku akinipa somo. Mashine ikikuuliza kama unataka ikukate kwa euro badala ya shilingi, kataa, maana hesabu yao ni wizi wa mchana. Toa nyingi kwa mpigo mmoja, kwa sababu makato ni yale yale ukitoa laki moja au milioni mbili. Na kama una safari ya Arua, subiri, kule kuna mashine yenye makato nafuu.

Mikono ilipoanza kumtetemeka, akaninong'oneza namba ya siri nibonyeze mimi.

"Nadine usimwambie," alisema. "Atajua nimekwisha."

Wiki mbili za mwisho hakutoka kitandani kabisa. Nadine akakata tiketi ya kuondoka Jumatano. Jumapili alimpigia, mimi nikashika simu sikioni mwa kaka.

"Papa, ungoje kidogo. Minakuya. Nataka nikushike mukono."

Onzima akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na sauti tena.

Jumatatu saa mbili asubuhi akakata roho.

Nilifungua mdomo kupiga yowe. Baba mdogo Alionzi, mdogo wa marehemu baba yetu, alikuwa amekuja kutoka Arua kumjulia hali. Akaacha chai yake, akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka samaki aliyekuwa akimla.

"Nyamaza! Kadi iko wapi?"

"Baba, Onzima imekufa."

"Mimi naona, macho iko. Lakini benki hapana jua. Benki ikisikia mutu imekufa, inafunga pesa yote. Tunatoa kwanza. Kulia, Ijumaa."

"Na Nadine?"

"Ule mwanamke nasema sana, ataambia benki. Yeye si nakuja? Atakuta maiti. Maiti hapana kimbia."

Nilipaswa kumtemea mate usoni. Sikumtemea. Alisema pesa ni ya mazishi, ya jeneza zuri na ng'ombe wa kulisha watu, nami nikajidanganya kwamba nimemwamini.

Sasa sikiliza uchafu wenyewe.

Ili majirani wasijue, tulimkalisha kaka yangu siti ya nyuma ya gari la kukodi. Kofia kichwani, shuka hadi shingoni. Jirani mmoja, Mama Tahiru, akapunga mkono na kusema, "Onzima, utapona!" Baba mdogo akamjibu amina.

Hadi mochwari ya Arua nilimshikilia begani. Kila shimo barabarani kichwa chake kilikuja shavuni mwangu.

Jumanne tukasimama mbele ya ATM pale Arua. Kikomo cha siku ni milioni mbili. Baba mdogo alisimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni.

"Bonyeza hapana! Kataa hiyo euro! Hawa watu iko wezi sana."

Alisema hivyo bila aibu. Wezi ni benki.

Akahesabu, akanipa laki tatu. Nilizipokea. Nikalipa kodi ya saluni siku ile ile. Naandika hili nikijichukia.

Mchana Nadine akapiga. Nikasema, "Iko nalala."

Jumatano tukatoa tena. Nadine akapiga tena, nikadanganya tena. Nilitegemea machozi. Badala yake akacheka.

"Wacha alale, apumuzike. Mungu ni mukubwa!"

Nikadhani anajipa moyo kabla ya kupanda ndege. Nikajifariji kwamba hata hivyo atafika, atamwona mumewe na tutamzika pamoja. Hilo ndilo lililonipa usingizi.

Alhamisi salio lilikuwa limepanda. Ndiyo, limepanda, euro mia sita juu ya tulizoziacha. Baba mdogo alicheka hadi akashika ukuta.

"Ona huyu mutoto! Hata huko aliko iko natuma pesa!"

Nikatapika pale pale pembeni ya benki. Yeye akaendelea kuhesabu.

Ijumaa asubuhi mashine ikasema salio halitoshi. Baba mdogo akajaribu mara tatu, kisha akavunja kadi, akafuta mikono kwenye suruali. "Sasa lia."

Kufika nyumbani kwake Mvara, pale pale Arua, yeye ndiye wa kwanza kujibwaga chini na kugaagaa. Wanawake walimshika wasije wakampoteza na yeye. Mimi sikuwa na hata tone la chozi.

Saa nane Nadine alikuwa hajatokea. Nikampigia, nikidhani yuko njiani kutoka Entebbe.

"Ayikoru! Nipe bwana yangu. Leo asinikimbie."

"Wifi, uko wapi?"

"Niko ku kazi."

"Kazi gani? Si ulikuwa unakuja Jumatano?"

"Tiketi nilirudisha! Jumanne nilipata meseji ya benki kama ametosha feza ku mashine ya Arua. Njo nikajua amesimama, anatembea mpaka Arua! Jumatano tena. Nikatia feza ya tiketi ku konti yetu, akule nyama. Minakuya mwezi wa kumi na mbili, tutacheza pamoja."

Konti yetu. Ilikuwa akaunti ya wote wawili. Pesa tulizokuwa tunatoa zilikuwa za Nadine pia.

"Ni makelele gani hiyo?" akauliza.

Nikamwambia.

"Lini?"

"Jumatatu."

Nilisikia watu wa kazini kwake wakiongea lugha yao.

"Sasa nani alikuwa anatosha feza?"

"Mimi, wifi."

Simu ikakatika.

Jioni akatuma ujumbe kwamba ndege iliyofuata ingemfikisha Jumanne. Niliomba tungoje. Baba mdogo alikataa, akasema mochwari inakula pesa. Tukamzika Onzima Jumamosi katika jeneza la mbao nyepesi, na ng'ombe hakuchinjwa. Wiki iliyofuata Baba mdogo aliezeka nyumba yake mabati mapya.

Msomaji, funzo langu ni fupi. Ukifiwa, kabla hujagusa kadi, simu au mfuko wa marehemu, mpigie anayemsubiri. Mwambie hata kama wakubwa wamekuziba mdomo. Mimi nilikuwa na mwanamke mwenye tiketi mkononi, nikamrudisha kazini akicheka.

Nadine alikuja Jumanne ile. Alienda kaburini peke yake, akarudi Ubelgiji bila kunywa hata maji nyumbani kwangu.