Mkono Niliokuwa Nikiubeba

Tarehe mosi Julai, mwaka juzi, nilimpoteza mume wangu. Nilimwita Baba Atu, kwa jina la Atupele, binti yetu wa pekee. Tulimsafirisha kutoka Mbeya hadi kijijini kwao Iringa, tukamzika. Matanga yalipoisha nilirudi Iyunga, kwenye nyumba tuliyoijenga pamoja. Atupele alirudi Rujewa kwa mume wake, ambako wanalima mpunga.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nilikuwa na cherehani barazani na nilishona sare za shule. Nilikuwa naamka, nafagia, nachota maji, nashona. Sikuwahi kuufikiria mkono wangu.

Bega la kulia lilianza kuuma hata arobaini haijafika. Kwanza liliuma nikililalia. Baadaye liliuma hata nikikaa tu. Nilimwambia jirani yangu, Mama Sifa, peke yake. Akasema, "Huo ni uchungu wa mzee umeshuka begani. Ukimaliza kulia utatoka." Nikamwamini. Nikasubiri nimalize kulia.

Wengine hawakujua, na sababu yake ni hii. Huku kwetu ukimsalimia mtu kwa heshima, unampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Mimi nilikuwa nauinua mkono mbovu kwa ule mzima, maana peke yake haukupanda. Watu waliona adabu. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia mwenzake nikiwa nasikia, "Huyu mama amelelewa." Nilipofika nyumbani nililia, na bega halikupona kwa kulia huko pia.

Mkono ukaendelea kukakamaa. Sikuweza kujifunga sidiria, nikaacha kuivaa, nikawa najifunga kanga kifuani. Sikuweza kusugua kwapa la kushoto, likaanza kunuka, nami nikaanza kukaa mbali na watu kanisani. Chooni nilijisafisha kwa shida. Nywele sikusuka tena, nilifunga kitambaa. Cherehani niliifunika.

Krismasi Atupele alikuja akakuta blauzi yangu nyeusi kwenye kiti.

"Mama, hii nani kaichana?"

"Mimi. Kwa mkasi."

"Kwa nini?"

"Niliivaa, ikakataa kutoka."

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari alijaribu kuuinua mkono wangu pembeni, ukagoma kabla ya kufika usawa wa bega, nami nikapiga kelele.

"Bega limeganda, mama. Limeanza lini?"

"Baada ya msiba."

"Na hujaja mpaka leo?"

Alinipima sukari, ikaonekana iko juu, na akasema watu wa sukari hupatwa sana na bega hili. Nilichomwa sindano begani, nikapewa dawa za sukari na za maumivu. Akasema litalegea, lakini linaweza kuchukua mwaka au zaidi, na nisiache kulinyoosha.

Atupele alitaka tuondoke wote kwenda Rujewa. "Utakaaje peke yako na mkono mmoja?" Nikakataa. Tukabishana mpaka akasema, "Sawa. Mavuno ya mpunga yakiisha nakuja na gari. Nikikuta bado hujiwezi, hatubishani tena."

Nampenda mwanangu. Lakini Rujewa ningekuwa mgeni kwenye nyumba ya mkwe wangu, nakula nilichopakuliwa. Na Iyunga ndiko ambako Baba Atu alikuwa bado yupo kidogo. Koti lake lilikuwa kwenye msumari, na upande wake wa kitanda ulikuwa bado umebonyea.

Muuguzi aliyekuwa akinifundisha mazoezi hospitalini ndiye aliyenitajia darasa la yoga la watu wanaoanza, kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi mmoja mjini. Nilipomwambia Mama Sifa alishtuka. "Si ile ya kukunja miguu na kuabudu mashetani?"

"Mimi mkono wenyewe haukunjuki. Watanipataje?"

Nilikwenda. Nikakuta viatu vimepangwa mlangoni. Ndani kuna mikeka, wanawake wameketi chini wamenyoosha miguu, hakuna anayeongea. Nikajua kuna msiba. Nikavua viatu, nikazunguka kwa kila mmoja nampa mkono, "Poleni. Poleni sana." Wakapokea. Mmoja akajibu, "Tumeshapoa, mama, hata hatujaanza," wengine wakaangua kicheko. Niliona aibu, lakini nilicheka na mimi.

Mwalimu alikuwa binti wa Iringa, jina lake Neema. Alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene." Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amenisalimia kwa lugha ya mume wangu. Nilimpa mkono kama kawaida yangu. Hakuuachia. Aliutazama, kisha akatazama mkono wa kushoto.

"Mama, huniheshimu wewe," akasema polepole. "Huu mkono unaubeba."

Nikatikisa kichwa kukubali.

Aliniambia nivue kitenge nilichojifunga juu ya suruali ya mazoezi, kitanikwaza. Nikamwambia, "Nikikivua nitaanguka kwa aibu." Akaniacha nacho.

Wengine walipopiga magoti na kuegemea mikono, mimi nilishindwa. Neema alinipeleka ukutani, nikapandisha vidole taratibu, vikaishia usawa wa kifua. Kisha akanilaza chali, akaingiza kiganja chake chini ya bega langu. "Toa pumzi yote, mama. Usiibakize." Nilipoitoa, machozi yalitoka yakaingia masikioni. Hayakuwa maumivu. Tangu tuzike, watu walikuwa wamenipa mikono tu. Hakuna aliyekuwa amenishika.

Jumamosi iliyofuata sikwenda, kwa ajili ya yale machozi. Nilishinda nyumbani na sikusikia sauti ya mtu mpaka jioni. Jumamosi ya baada ya hapo nilirudi. Sisemi uongo, sikurudi kwa ajili ya bega. Nilirudi kwa sababu pale mtu alikuwa ananiuliza nimelalaje.

Nyumbani nilifanya mazoezi kila asubuhi ukutani, na kwa mti wa fagio nikiwa nimelala chali, mkono mzima ukiusukuma mbovu. Siku nyingine uliuma mpaka nikatapika. Masika yalipoisha mkono ulifika kichwani. Nikasuka nywele mistari miwili, imepinda, lakini niliisuka mwenyewe.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, muuguzi na Neema. Siwezi kusema yoga iliniponya. Zilikuwepo dawa, na ulikuwepo muda. Lakini wewe uliyefiwa, kama mwili unauma, usisubiri umalize kulia. Nenda ukapimwe. Na mtu akikuambia ni majonzi tu, mjibu kwamba majonzi nayo yana mwili.

Mavuno yalipoisha Atupele alikuja na gari, na mabegi mawili matupu ya nguo zangu. Alinikuta uani naanika blanketi nililolifua. Blanketi likilowa ni zito. Nilirusha ncha moja juu ya kamba, nikaenda upande wa pili, nikalivuta, nikalinyoosha. Alisimama anatazama mpaka nikamaliza.

"Bega linauma?" akauliza.

"Linauma."

"Utakuja hata Krismasi?"

"Krismasi nitakuja."

Tulikunywa chai. Dereva alishusha gunia la mchele walilokuwa wameniletea, akaliweka sebuleni. Atupele aliyarudisha mabegi kwenye gari, wakaondoka kabla giza halijaingia.

Gunia sikuweza kulisogeza. Nililifungua palepale lilipokuwa, nikachota kikombe kimoja cha mchele, nikaenda kupika.