Nilipoupoteza Mchana Wangu

Iko siku moja ambayo haijanitoka akilini hadi leo, mwanangu, na wewe ndiye umenifanya niikumbuke. Nimekusikia hapo nje ukimjibu jirani, "Nimepona kabisa, mama, sina shida yoyote." Ukacheka meno yote nje. Kisha ukaingia, ukakaa kwenye kochi langu, na chai haijachemka ukawa umesinzia. Saa nne asubuhi! Sikukuamsha. Nilikutazama nikajiona mimi mwenyewe nikiwa na miaka thelathini na minne, nimetoka kwenye matibabu kama haya yako, na hasira zikanipanda. Si hasira juu yako. Nilimkasirikia yule mwanamke niliyekuwa. Haya, kunywa chai, unisikilize.

Nilikuwa nimeolewa upande wa Matete, miwa mbele, miwa nyuma. Mume wangu aliendesha trekta huko Lugari na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Bomani tulibaki watatu: mimi, binti yangu Nekesa wa miaka minne, na baba mkwe, ambaye alikuwa amefiwa na mkewe na anaishi katika nyumba yake ng'ambo ya ua. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kwenye matibabu ya saratani ya titi. Titi la kushoto lilikatwa. Nikadungwa dawa za mshipani mpaka nywele zikaisha kichwani, kisha nikapigwa mionzi. Mwishowe daktari akasema ugonjwa hauonekani tena. Akanipa tembe za kumeza kila siku kwa miaka kadhaa na tarehe za kurudi kliniki.

Basi furaha ikawa kubwa. Kanisani wakanipa siku ya shukrani, mbuzi akachinjwa. Nikasimama mbele na gauni langu jeupe, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Bwana ameniponya! Sina maumivu, sina uchovu, nimekuwa mpya!" Akina mama wakapiga vigelegele. Na naapa, mwanangu, siku hiyo ilikuwa kweli. Ungeniambia niruke ua ningeruka.

Shida zilikuja baadaye, moja moja, bila kelele. Nilianza kuishi saa zisizo za watu. Usiku macho yalikuwa makavu, joto likinipanda kutoka kifuani hadi masikioni, natupa blanketi, nalivuta tena. Kukipambazuka ndipo usingizi unanikumbuka. Navuta mapazia, nalala. Nikizinduka sijui kama ni asubuhi au jioni. Nilikuwa nasikia wakata miwa kwa mbali, panga zikigonga, mtu akicheka, na nisijue kama naota au nasikia. Mwanga mwembamba uliopenya kwenye pazia ulitambaa ukutani polepole, nami naufuata kwa macho, unapita kwenye picha ya harusi, unapita kwenye kalenda, unazimika. Siku imekwisha. Na sitakudanganya, kulikuwa na utamu wake mle ndani. Ukizama unaona afadhali usiibuke.

Vidole vya miguu vilikuwa na ganzi. Mkono wa kushoto ulivimba. Nilitia chumvi kwenye mboga mara mbili, siku nyingine nisitie kabisa, na Nekesa anakula tu, maskini, hasemi.

Utaniuliza, kwa nini hukusema? Nimwambie nani, na nilikuwa nimeshashuhudia? Mbuzi ameshaliwa, mifupa imeshatupwa! Nikisema nimechoka, si nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo mbele ya watu? Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Kwa hiyo kila nilipokwenda kliniki mjini Kakamega, nesi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliniuliza, "Unalalanga vizuri?" Namjibu, "Vizuri sana, sista." "Na mkono?" "Hauna neno." Naye anaandika. Mimi nimevaa mikono mirefu asione. Ujinga wangu haukuishia hapo. Nikaamua kwamba zile tembe ndizo zinazonivuruga, na si nimeshapona? Nikaanza kuziruka. Leo nameza, kesho naacha, mwishowe naacha siku nyingi kuliko ninazomeza.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mchana kweupe. Niliinjika maharagwe, nikasema nijilaze dakika mbili. Jiko letu lilikuwa kwenye kona ya nyumba hiyo hiyo, na juu yake nilikuwa nimeanika leso. Maji yakakauka, maharagwe yakaungua, leso ikaanguka ikashika moto. Mimi niko mbali kabisa, naota natembea kwenye ukungu na siwezi kupata barabara.

Lazima ujue desturi, maana ninyi wa siku hizi mnaiona mchezo. Huku kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani hata mkono. Mkwe haingii nyumbani mwa mke huyo hivi hivi. Akiwa na neno, analituma kwa mtu. Mzee yule alikuwa mkali wa desturi kuliko wazee wote ninaowajua. Aliona moshi akiwa uani. Akaita, "Mama Nekesa!" Akaita tena, na tena.  Akaingia.

Nilipofumbua macho nilimwona akikanyaga leso kwa gumboti, akamwaga ndoo ya maji, moshi ukajaa nyumba nzima. Kisha akageukia ukuta, akabaki amenipa mgongo, kwa sababu gauni langu lilikuwa limeshuka na kovu liko wazi. Akauambia ule ukuta, "Mtoto ako nje, ako sawa. Vaa." Akatoka.

Weee! Nililia mpaka nikaishiwa machozi. Nilijua kesho mume wangu ataitwa, wazee wataitwa, nitaitwa mvivu anayelala mchana mpaka anachoma nyumba. Nikaanza kukunja nguo zangu na za mtoto. Lakini jioni ikapita, hakuna aliyeitwa. Mzee hakumwambia mtu.

Asubuhi, jua ndiyo linachungulia juu ya miwa, nikasikia anamfunga ng'ombe wake, Maua, karibu na dirisha langu. Hajawahi kumfunga pale. Akaanza kumsemesha, kwa sauti kubwa kuliko inayohitajiwa na ng'ombe.

"Wewe Maua, unajua nilifanya zamu ya usiku pale kiwanda ya sukari miaka kumi na tisa? Nilikuwa nalalanga mchana. Mwili ikasahau jua. Hata siku za likizo nasinzia kanisani, watu wanasema mzee amekunywa. Na mimi hakuna mtu alikuwa amenikata! Sasa mtu amekatwa, amedungwa, amechomwa, halafu anafunga pazia. Mwili itajuaje kumekucha?"

Maua akaendelea kutafuna.

"Tena jana nimeona pakiti ya tembe kwa dirisha. Imejaa. Maua, alishuhudia kwamba ugonjwa umeenda, na ni kweli, Mungu asifiwe. Nani alimwambia ashuhudie mpaka usingizi?"  Sauti ikabadilika. "Mimi nilizika mama ya watoto wangu. Huyu ni mtoto wangu pia. Sitaki kuzika tena."

Nilisimama nyuma ya pazia. Hakuna aliyewahi kuniita mtoto wake tangu niolewe. Nikalivuta lile pazia. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja ukaniumiza macho. Alikuwa ameshaondoka, ameacha kigoda hapo kando ya ng'ombe. Nikatoka nikakikalia, jua usoni, umande miguuni, nikiona haya mbele ya ng'ombe.

Tangu siku hiyo nilitoka kila asubuhi, hata kama usiku sikulala hata lepe. Nakaa juani, kisha natembea na Nekesa hadi mwisho wa shamba la miwa na kurudi. Mchana nikizidiwa najilaza kidogo tu, nimemwagiza Nekesa aje anivute mguu, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Tarehe ya kliniki ilipofika nikavua sweta mbele ya nesi, nikamwambia yote, mpaka tembe. Nilingoja anigombeze. Akaweka kalamu chini. "Mama, wengi wanabakinga na haya. Matibabu ikiisha, mwili haijamaliza. Hata saa zake za kulala na kuamka zinavurugika, na inaweza kuchukua miaka. Lakini nitakusaidiaje kama unaniambia uko sawa?" Akanirudisha kwenye tembe, akanionyesha mazoezi ya mkono, akaniambia niandike kwenye daftari saa ninazolala, saa joto linapopanda, saa nguvu zinapoisha. Je, yote yaliisha? La. Usingizi ulirudi kiasi, joto likapungua. Ganzi ya vidole ninayo mpaka leo.

Basi Jumapili moja nikaomba nafasi tena kanisani. Nikasema, "Saratani haionekani, namshukuru Mungu. Lakini silali vizuri, mkono unavimba, nachoka, na nimekuwa nikiwaficha."  Hakuna kigelegele hata kimoja. Nikarudi kukaa nikitamani benchi linimeze.

Nje, mwanamke wa kwaya aitwaye Rispa alinishika mkono. Yeye alitibiwa titi kabla yangu.  "Siku ile ulisema huna hata uchovu," akaniambia, "nilirudi nyumbani nikalia. Nikasema wewe umeponywa, mimi nimeachwa. Nikaacha dawa, nikaacha kliniki." Jumanne yake tukaenda pamoja. Ugonjwa wake ulikuwa umerudi. Rispa aliishi miaka miwili baada ya hapo, na sehemu kubwa ya siku zake nilikuwa naye. Daktari hakuniambia kwamba mambo yangekuwa tofauti kama nisingejigamba siku ile ya mbuzi. Na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Mwanangu, hilo ndilo nililobeba, nami sitaki ulibebe wewe. Asubuhi fungua pazia, utoke, hata kama umelala saa moja tu. Amka saa ile ile kila siku, mwili upate pa kushika. Ukichoka mchana pumzika, lakini usizame. Tembe usiiruke hata moja bila kumwambia daktari, na kama inakusumbua mwambie hivyo, wana njia zao. Na nesi akikuuliza kuhusu usingizi, kuhusu joto, kuhusu hiyo ganzi unayojifanya huna, mwambie ukweli hadi mwisho. Kushukuru si kuficha. Mungu anajua kilichobaki kukuuma, hachukii ukikitaja. Kuna mwanamke mahali anayekuangalia wewe ili ajue kama yeye ni mzima au ameachwa. Usimdanganye huyo.

Mungu wetu Nyasaye akupe usingizi wa usiku na macho ya asubuhi. Akulindie mkono wako huo, na watoto utakaowabeba nao. Na kila utakapoulizwa hujambo, akupe walau mtu mmoja ambaye hutaogopa kumjibu.