Viganja vya Mnasihi

Mnasihi wa mwanangu ana chumba ghorofani Mchafukoge, juu ya duka la vitenge. Huweka mikono mapajani, viganja wazi, utadhani anangoja kupakatishwa mtoto. Haulizi, hahimizi, honi zinapiga kelele huko chini, yeye katulia tuli. Tangu anusurike ule moto wa sokoni, Badria hajanisimulia chochote, mimi niliyemzaa. Kwa huyo mwanamke anamwaga yote, na jana, nikiwa kwenye benchi la nje, nikamsikia hata anacheka. Roho iliniuma! Ana nini yule nisichokuwa nacho?

Leo nyumbani nikakaa mbele ya mwanangu vilevile, viganja wazi, mdomo nimeufunga, mimi ninayeongea tangu alfajiri. Badria akanikodolea macho, kikombe kikamponyoka.

“Mama,” akasema, “nani kafa?”