Magari Mawili ya Sikio

Mtaani walimwita Sikio, maana enzi za kazi yake hakuwa na haja ya kufungua boneti. Gari likiingia gereji alisimama mlangoni, akainamisha kichwa, kisha akautaja ugonjwa.

Alistaafu na magari mawili ya kifahari ya Kijerumani, ya zamani, ya milango miwili. Asiyejua angedhani ni pacha. La rangi ya fedha lilikuwa la kawaida, silinda sita, springi laini, linapita kwenye mashimo kama vile halina habari nayo. Jeusi ndilo toleo la mbio: silinda nane, tairi pana, na springi ngumu za kukuhesabia kila kokoto mgongoni.

Mkewe hakulipenda jeusi hata kidogo. "Hilo panda na wahuni wenzako," alimwambia, huku anajiweka kwenye la fedha, mkoba mapajani. Alipofariki, nyumba ilinyamaza mpaka Sikio akawa anazungumza na birika. Mtoto wao wa pekee, aliyehamia mbali, alimsihi kwenye simu auze gari moja. Akakubali. Bila shaka lingeuzwa jeusi.

Mteja alikuja Jumamosi asubuhi, mwalimu mstaafu, mama wa maneno machache. Alitaka kuyajaribu yote mawili ajue tofauti yake. Walianza na jeusi. Lilipochomoka kwenye mzunguko wa barabara, mwalimu alishika mlango.

"Nguvu linazo," alisema waliporudi, "ila meno yangu bado nayahitaji."

Sikio akacheka. Ilikuwa imepita miezi mingi tangu acheke na mtu.

Wakahamia la fedha. Sikio akawasha, akangoja, akazungusha ufunguo tena. Mwalimu akamshika mkono.

"Fundi, lilishawaka. Hukusikia stata inavyolia?"

Akatazama mshale wa mizunguko ya injini. Kweli, injini ilikuwa inazunguka. Akaweka kiganja kwenye usukani, akausikia mtetemo mdogo sana, lakini sauti hakuna.

"Tangu lini?" mwalimu aliuliza, akimgeukia ili Sikio auone mdomo wake.

"Sijui. Nilidhani ni nyumba tu iliyonyamaza."

Alizima injini.

"Chukua hili," Sikio akasema.

"Si ulisema hili haliuzwi?"

"Jeusi linapiga kelele, bado nalisikia. Hili likianza kuumwa sitajua, nitaliua. Afadhali liwe na mtu anayelisikia."

Mwalimu alilipa. Aliondoka nalo siku hiyohiyo, taratibu, akiwasha taa ya kukunja kushoto ingawa barabara ilikuwa tupu.

Jioni mwanawe alipiga simu, Sikio akamwambia limeondoka la fedha. "Umeuza lile la mama?" aliuliza, kisha akaongea maneno marefu ambayo kwa Sikio yalikuwa mvumo tu. Siku zote hapo alikuwa akijibu "sawa, sawa" mpaka simu ikatike.

"Mwanangu, sijakusikia," alisema safari hii. "Siku hizi masikio yangu hayafanyi kazi."

Akangoja. Hakujua kama kijana amenyamaza au anazungumza. Mwishowe sauti ikaja kwa nguvu, neno mojamoja: "Nitakuja mwisho wa mwezi, Baba. Twende kwa daktari."

"Haya," Sikio akajibu, akakata simu. Kisha akatoka, akalisogeza jeusi katikati ya gereji ya nyumbani. Likiwa peke yake, lilionekana dogo.